Watu 76 hawakai kwenye mistari sawa: tazama vigawo kabla ya kupanga

Swali lilikuwa hili: watu 76 wanatakiwa kusimama kwenye mistari iliyo sawa, eneo lina upana wa mita 12 na kina cha mita 15, na kila mpangilio unaojaribiwa unaacha pengo mstari wa nyuma. Pengo hilo halitokani na uzembe wa mpangaji. Namba 76 ndiyo yenye shida, na vigawo vyake (namba zinazoigawa bila baki) vinaionyesha shida hiyo kwa dakika moja ya kazi ya kalamu.

Andika vigawo kwa jozi, ukianzia 1 kwenda juu bila kuruka hata namba moja. 1×76. 2×38. Tatu haiingii, maana 7+6 ni 13 na 13 haigawanyiki kwa 3. 4×19. Tano hapana, sita hapana, kwa kuwa tatu imeshakataa. Saba inabakiza 6, nane inabakiza 4. Hapo unasimama, kwa sababu 9×9 ni 81, imeshaipita 76. Kigawo chochote kilicho kikubwa kuliko 8 lazima mwenzake awe 8 au pungufu, na hao wote umeshawapima. Wengi huendelea kujaribu 11, 13, 17 na kupoteza muda bure. Wengine huandika vigawo ovyo bila jozi, wakasahau kimoja katikati.

Kwa hiyo mpangilio pekee wa maana ni 4×19. Sasa pima nafasi. Ukiacha mita 1 toka katikati ya mtu mmoja hadi katikati ya mwenzake, watu 19 wanachukua mita 18, si 19, kwa kuwa kati ya watu 19 kuna nafasi 18. (Kosa hili la nafasi moja ndilo linalofanya alama za chaki zisilingane na watu.) Mita 18 haziingii kwenye upana wa 12. Ukigeuza, wanne mbele na mistari 19 kwenda nyuma, haziingii kwenye kina cha 15 pia. Kumbuka kwamba 4×19 na 19×4 ni jozi moja kwenye karatasi, lakini ni maumbo mawili uwanjani, na yote mawili lazima yapimwe.

Namba ikikataa, badilisha namba. Usiwabane watu wala usinyooshe mstari mmoja ufanane na mingine. Tazama majirani wa 76. Ukiongeza mtu mmoja unapata 77, yaani 7×11: kumi na mmoja mbele ni mita 10, mistari saba ni mita 6, inaenea vizuri. Ukipunguza mmoja, 75 inakupa 5×15, ambayo inaenea tu ukiweka watano mbele, na umbo linakuwa jembamba kama foleni. Ninachoshauri ni 72: watu wanne watoke wasimame mbele kama viongozi, waliobaki wapangwe 8×9 au 6×12. Tisa mbele, mistari minane nyuma, ni mita 8 kwa 7. Kumi na wawili mbele ni mita 11 kwa 5. Yote yanaingia. Na kama kunatakiwa njia katikati, chagua 12 mbele, maana 9 haigawanyiki kwa 2 na upande mmoja utazidi.

Siku ikitakiwa umbo libadilike katikati ya shughuli, kwa mfano watatu watatu, kisha wanne wanne, kisha watano watano, hapo tafuta kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote. Cha 3, 4 na 5 ni 60. Idadi iwe 60 au 120.

Makundi mawili yasiyochanganywa yana mtego wake. Tuseme 48 na 36, na mistari yote iwe na upana mmoja. Usijumlishe kwanza. Jumla ni 84, na 84 inagawanyika kwa 14, lakini 14 haigawi 48 wala 36. Tafuta kigawo kikubwa cha shirika cha hizo mbili, yaani namba kubwa kabisa inayozigawa zote mbili, ambayo ni 12: mistari 4 ya kundi la kwanza na 3 ya kundi la pili. Upana mwingine unaokubalika ni kigawo chochote cha 12.

Jihadhari pia na namba zinazofanana na namba tasa (zinazogawanyika kwa 1 na zenyewe tu) na siyo: 51 ni 3×17, 57 ni 3×19, 87 ni 3×29, 91 ni 7×13. Tasa za kweli kati ya 70 na 85 ni 71, 73, 79 na 83, na hizo hazina mstari sawa wowote zaidi ya mmoja mrefu.

Ndiyo maana wale wanne wa mbele wana kazi zaidi ya kuongoza. Mtu mmoja wa kundi la 72 asipofika, unabaki na 71, na umbo zima linavunjika. Kiongozi mmoja akirudi nyuma kujaza, 72 inarudi. Wakikosekana hadi wanne, bado mistari inakamilika. Akikosekana wa tano, wamebaki 71 jumla: toa mmoja mbele, panga 70 kwa 7×10.