Sindano ya TAP baada ya upasuaji wa uzazi: wagonjwa wangapi?

Daktari, umeuliza kama akina mama 20 wanatosha kulinganisha bupivakeini (dawa ya ganzi) na maji ya chumvi kwenye sindano ya TAP, yaani ganzi ya neva za ukuta wa tumbo. Hawatoshi. Kuona tofauti ya alama 1.5 kwenye kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, mtawanyiko wa alama (SD) ukiwa 2, unahitaji 28 kila kundi ili uwe na uwezo wa asilimia 80 wa kuigundua. Weka 32, maana wapo watakaojitoa.

Ila idadi siyo shida yako kubwa. Ganzi ya mgongo lazima ifanane kwa wote. Baadhi wakiwekewa mofini humo mgongoni, faida ya TAP karibu yote inamezwa, na hutajua umepima nini.

Maumivu yapime mama akikohoa au akiinuka kukaa, saa ya 2, 6, 12 na 24. Akiwa ametulia kitandani, makundi yote mawili yatakupa alama ndogo.

Dozi nayo: mililita 20 kila upande, za asilimia 0.25, ni miligramu 100 kwa jumla. Kwa mama wa kilo 45 umeshavuka kikomo cha miligramu 2 kwa kilo, hata kabla ya kuhesabu ya mgongoni. Kwa hiyo mizani kwanza.

Bahasha za kumpangia kila mama kundi kwa bahati nasibu ziwe na namba, zisipenye mwanga, zifunguliwe baada ya ridhaa. Anayefungua ndiye avute dawa, ujazo uleule, na asiguse kabisa fomu ya maumivu. Kwa Tanzania tafuta kibali cha NIMR (taasisi ya utafiti wa tiba) na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), kisha sajili utafiti kwenye PACTR, rejista ya Afrika ya majaribio ya tiba, kabla ya mgonjwa wa kwanza. Ukichelewa, majarida mengi yatakukatalia.