Vijana wa fildi, valvu inawaacha uchi

Wiki hii nimeletewa tena spredishiti ya mizania ya joto ya bomba la gesi asilia. Vijana wamekomaa na joto fiche la maji (lile mvuke unaloachia ukigeuka maji) mpaka desimali ya nne, halafu kwenye valvu ya kushusha presha wameandika tempricha ya kuingia sawa na ya kutoka. Jamani!

1. Jueni kwanza kipi kikubwa kipi kidogo. Kilo moja ya mvuke ikigeuka maji inaachia kama kJ 2,440, nyingi eeh, ila kwa tani nzima ya methani hapo umeipandisha digrii moja na kidogo. Na gesi ya Mnazi Bay, kule Mtwara, karibu yote ni methani, tena kiwanda cha Madimba wanaikausha kabla haijaingia bomba la inchi 36 kuja Dar, sasa hayo maji unayoyakimbiza yako wapi?

2. Kwenye valvu kinachobaki vilevile ni entalpi (nishati ya ndani ya gesi pamoja na ile ya kusukumana kwa presha), siyo tempricha. Hapa ngoja niseme ukweli, na mimi niliumbuka. Nikiwa fildi nilichukulia gesi ni ya kwenye kitabu, bora, entalpi inafuata tempricha peke yake, nikapata badiliko sifuri nikaandika kwa kujiamini kwamba hita ya kupasha gesi haihitajiki. Mzee mmoja fundi akasoma, hakusema kitu, akanishika mkono hadi kwenye bomba baada ya valvu, saa saba mchana jua la pwani linachoma, akasema gusa. Baridi kama soda ya kwenye friji, maji yanachuruzika chini ya flenji. Mimi na usomi wangu nikadakia, "Mzee, gesi inavuja maji!" Alicheka mpaka akakaa chini. Yale yalikuwa maji ya hewa yetu ya nje, yanajikusanya kwenye chuma cha baridi. Methani kwenye presha zile inashuka digrii 0.4 hadi 0.5 kwa kila bar, kwa hiyo kutoka bar 70 hadi 20 zimekwenda digrii 20 na ushee. Mpaka naondoka pale jina langu lilikuwa Mvujo.

3. Bomba la chini ya ardhi likipoteza presha ya kutosha njiani, gesi inaweza kuwa baridi kuliko udongo. Msibishane na jibu.

4. Mwendo wa gesi wa mita 10 kwa sekunde ni nishati ya J 50 tu kwa kilo, upuuzeni. Gesi ikipanda mlima wa mita 100 ni karibu nusu digrii, huo uwekeni.

5. Entalpi ikitoka kwenye programu ya kompyuta, joto fiche limo tayari. Usiliongeze tena kwa mkono, mmenisikia wa safu ya nyuma?