Bima kwa volontia wa Msalaba Mwekundu
Kama unauliza volontia wa Msalaba Mwekundu wana bima, ipo mkuu. Shirikisho lao la kimataifa, IFRC, kule Geneva lina bima ya ajali kwa wanaojitolea, ila chama cha Msalaba Mwekundu cha nchi husika ndo kinatakiwa kiwaingize watu wake na kulipia, kwahiyo usidhani ukishavaa ile fulana basi tayari umekatiwa bima. Mbane mratibu wa tawi kabla hamjaenda fildi, na muulize pia mkirudi mtaongea na nani maana kubeba maiti za mafuriko au kushinda kambi ya kipindupindu kunamtikisa mtu hata kama anajifanya ngangari. Kituo cha IFRC cha msaada wa kisaikolojia kule Copenhagen, Denmark, kilishatoa mwongozo wa kuwasaidia volontia kisaikolojia tangu 2012, mratibu asisingizie hakuna utaratibu.