Kabla hujajibu, likamate dai

Ukianza kushiriki midahalo, iwe darasani, kikaoni au nyumbani, utakuta watu wawili wanabishana nusu saa nzima kumbe kila mmoja anazungumzia jambo lake. Hila nyingi za maneno hustawi hapo. Kwa hiyo, kabla ya yote, andika dai linalobishaniwa kwa sentensi moja fupi. Kila hoja inapokuja, iulize: inaligusa dai hili au inalikwepa?

Tuseme umetamka kikaoni, "Ripoti isitoke kabla hatujahakiki hesabu." Mwenzako anakujibu, "Kwa hiyo hutaki ripoti itoke kabisa?" Hukusema hivyo. Amekulisha maneno, na anayeanza huhangaika kutetea dai ambalo si lake. Usijitetee. Rudia ulichosema, kwa sauti ile ile: "Nimesema ihakikiwe kwanza. Jumla ya ukurasa wa pili haikubaliani na ya ukurasa wa tano." Hapo atakugeukia wewe: "Mbona mwaka jana wewe ndiye uliyechelewesha?" Huenda ni kweli. Lakini kuchelewa kwako hakurekebishi jumla ya ukurasa wa pili.

"Kila mtu anajua" ni ngumu zaidi kuipinga, maana wingi wa watu hutulemea kwelikweli. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch, huko Marekani, alichapisha majaribio ambamo watu walionyeshwa mistari na kuulizwa upi unalingana kwa urefu na mwingine. Jibu lilikuwa dhahiri, ila wenzao chumbani walikuwa wamepangwa kujibu vibaya kwa pamoja. Takriban theluthi ya majibu ilifuata kosa la wengi. Alipokuwapo hata mmoja aliyesema kweli, kufuata mkumbo kulipungua sana. Ndiyo maana nakusihi: ukiona kosa, sema. Yupo mwingine aliyeliona na anaogopa kuwa peke yake.

Asilimia nazo zitazame vizuri. Mwaka 1995 wanawake wa Uingereza walitahadharishwa kwamba baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango vinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Ukiitaja kama ongezeko la asilimia 100, inatisha. Kwa idadi ya watu, ilikuwa imetoka takriban mwanamke 1 hadi 2 kati ya kila 7,000. Wengi waliacha vidonge kwa hofu, na mimba zisizotarajiwa zikaongezeka. Hesabu haikuwa ya uongo. Kilichokosekana ni mahali ilipoanzia. Ukisikia kitu "kimeongezeka maradufu", uliza papo hapo: kutoka ngapi?

Halafu, ukishaitambua hila, usidhani umeshinda. Mtu anaweza kutetea jambo la kweli kwa hoja mbovu, na wapo wengi wanaotumia hila hizi bila kukusudia, kwa sababu ndivyo walivyozoea kusikia watu wakibishana. Usimwite mwongo. Muulize ana ushahidi gani mwingine, kisha umpe nafasi autoe.