Maswali ya Wasomaji: Visanduku vya Ndege na Popo Uani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Tanga, katika nyumba yenye ua mpana, mkungu mmoja mkubwa na minazi. Usiku popo huja kula kungu, lakini ndege wadogo wamepungua sana na kunguru wamejaa. Ninataka kutundika visanduku vya mbao ili ndege wazalie humo, na popo nao wapate makao wanipunguzie mbu. Nianzie wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, nia yako ni njema sana, ila si kila popo wala kila ndege hukaa kisandukuni. Wanaokula kungu zako ni popo wa matunda, jamaa za wale wakubwa wa Kidike, Pemba, ambao hulala wakining'inia mitini. Hao wanachohitaji kwako ni mkungu wenyewe, kwa hiyo usiukate. Wanaotafuta kibanda ni popo wadogo wala wadudu, ambao mijini hujibana chini ya mabati na katika nyufa za kuta.

Kibanda chao kiwe chembamba kama ufa: nafasi ya ndani iwe na upana wa sentimita 2 hadi 2.5 na kimo kisichopungua sentimita 60, juu na ubavuni pakiwa pamezibwa na chini pakiwa wazi. Mbao zisipakwe dawa ya mchwa, na upande wa ndani ukwaruzwe ili wapate pa kushika kwa kucha. Kipigilie ukutani, mita 4 hivi kutoka chini, mbali na taa, kikielekea mashariki; kwa joto la Tanga, kipake rangi nyeupe kwa nje, kwa kuwa jua la alasiri linaweza kuwaua humo ndani. Usikiweke juu ya mlango wala tangi la maji, maana kinyesi hudondoka. Kuhusu mbu, popo hawa hula wadudu wengi wa usiku, lakini chandarua kibaki kitandani.

Kwa upande wa ndege, kunguru ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Kunguru huyu wa Kihindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, akaenea pwani yote, naye hula mayai na makinda ya ndege wengine. Kisanduku cha shomoro kiwe na tundu la milimita 32 tu, ambalo kunguru hawezi kupita. Kwenzi huhitaji milimita 45 au zaidi kidogo. Usiweke kijiti cha kutulia mbele ya tundu, kwa sababu kitamsaidia mwizi kuliko mwenye nyumba. Taka za jikoni zifunikwe kila siku, kwani zikiachwa wazi kunguru hawataondoka. Chozi na mnana hujijengea wenyewe, hivyo waachie makuti ya minazi na uwapandie maua. Ukiwa na panya wengi, bundi naye hukubali sanduku kubwa, lakini zungumza kwanza na majirani, maana wengi humwona mkosi, na usitumie sumu ya panya, kwa sababu humuua na yeye.

Watoto wakatazwe kushika popo aliyeanguka. Anayeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.