Chagua Mwenyewe Kitakachokatika

*Maswali ya wasomaji kuhusu uvuvi. Anajibu Mzee wa Mshipi, mzaliwa wa Pangani, mkazi wa Chang'ombe, Dodoma.*

Shikamoo Mzee. Mimi ni mtumishi hapa Dodoma, naishi Nzuguni. Wakwe zangu wako Tanga, na kila likizo shemeji yangu hunipeleka kuvua kwenye mawe. Changu mmoja wawili siwakosi, ila ndoano na chubwi, ule uzito wa kuzamishia mshipi, napoteza kila ninapotupa. Natumia mshipi wa milimita 0.40, ndoano tatu, na chubwi ya risasi mwishoni. Shemeji anasema watu wa bara tunakwenda pwani kulisha mwamba. Nifunge vipi?
*Mkwe wa Tanga, Nzuguni*

Marahaba, mwanangu. Shemeji mwache acheke, ndiyo kazi yake. Lakini kwa jinsi ulivyofunga, hata yeye angepoteza.

Hebu tazama unachokishusha. Chubwi iko chini kabisa, imefungwa kwa mshipi uleule wa juu, na ndoano tatu zinacheza katikati. Chubwi ikiingia kwenye ufa wa jiwe, unavuta, na nguvu yote inakwenda kutafuta fundo lililo bovu kuliko mengine. Hujui ni lipi. Likiwa la juu, umeacha ndoano, chubwi na pima mbili za mshipi. Penye mwamba kukatika kupo tu. Kazi yako ni kuamua ukiwa bado nchi kavu kwamba kitakachokatika ni kipi, na kiwe kile cha bei rahisi.

Kwa hiyo mshipi mkuu uongeze unene, uwe wa milimita 0.60 au 0.70. Usihadaike na ule wa kusukwa unaosifiwa dukani kwa wembamba na nguvu. Kwenye maji wazi ni mzuri sana, lakini ukisuguana na tumbawe unanyofoka uzi mmoja mmoja hadi unaachia. Nailoni nene inachubuka na bado inavumilia. Kijishipi cha ndoano kiwe cha 0.50, kifupi, kisizidi shubiri mbili, kwa sababu kirefu kinazungukazunguka na kujifunga kwenye mawe. Kisha chubwi uifunge kwa kipande cha mshipi mwembamba wa 0.30, urefu wa shubiri tatu hivi, ili ndoano ielee juu ya mawe na chubwi pekee ndiyo iguse chini. Ikinasa, unavuta, kile chembamba kinakatika, na unarudi na ndoano yako. Samaki akiwepo, unarudi naye pia.

Ndoano iwe moja. Tatu ni za mchangani. Chambo chukua ngisi, nyama yake ni ngumu na vidagaa haviimalizi upesi. Ukipata bunju, mtoe kwa koleo na usimpeleke jikoni, ana sumu inayoua. Meno yake pia hukata nailoni kama mkasi, basi ukiona kijishipi kimekatwa safi bila kuchubuka, usiulaumu mwamba.

Chubwi nayo isikupe hasara. Risasi ni ghali na ni sumu, na wale wanaoiyeyusha kwenye sufuria ya nyumbani waache leo hii. Pita kwa mafundi wa bodaboda, waombe plagi zilizokufa. Gonga kile kimkono cha mbele kijifunge juu ya mshipi mwembamba, basi, una chubwi. Ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo penye mkondo funga mbili. Mimi mwenyewe nikiwa kwenye ngalawa, nashusha wima bila kurusha, napendelea jiwe lililofungwa kwa uzi wa katani. Likibaki chini ni jiwe kati ya mawe, na katani inaoza. Katani utaikuta Tanga, na mawe sisi Dodoma hatujawahi kupungukiwa.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalisemi. Mshipi wa 0.30 hauhimili kurushwa kwa nguvu kutoka ufukweni. Utakatika hewani, na chubwi inayoruka hovyo yaweza kumpasua mtu kichwa. Dawa yake ni hii: chukua waya mgumu, ukunje uwe kingoe kidogo kisicho na chembe, yaani kile kijimwiba cha nyuma ya ncha ya ndoano, ukifunge mwishoni mwa mshipi mkuu. Chubwi ifunge pete ndogo. Wakati wa kurusha, pete ining'inie kwenye kingoe na kile chembamba kikae legelege pembeni, ili mzigo wote ubebwe na mshipi mkuu. Chubwi ikigonga maji, mshipi unalegea, pete inachomoka, na kuanzia hapo chubwi inashikwa na chembamba peke yake. Jaribu kwanza nyuma ya nyumba, watoto wakiwa ndani. Pete ikichomoka kabla ya wakati, kaza pindo la waya kidogo, isipochomoka, lilegeze.

Ikinasa, usizungushie mshipi kiganjani. Nailoni hukata nyama mpaka kwenye mfupa. Zungushia kijiti, elekeza kijiti kule ulikonasa, kisha rudi nyuma polepole. Kabla ya hapo, sogea hatua kumi kulia au kushoto ujaribu kwa pembe nyingine, maana kilichoingia kwa upande huu mara nyingi hutokea upande ule. Na kama unahisi kuna uhai upande wa pili, huyo ni chewa amejificha shimoni na kujitanua. Ukivutana naye humtoi. Legeza mshipi kabisa, kaa kimya, mpe dakika kadhaa. Akidhani amepona atatoka mwenyewe, na hapo mnyanyue mara moja bila kumpa nafasi ya kugeuka.

Mwisho, acha kutupa gizani. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu kuna bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine, na pwani yetu maji huweza kushuka zaidi ya mita 3. Panga likizo iangukie hapo. Maji yakipwa vaa viatu vigumu, tembea na shemeji, mtazame mahali mtakapovua: wapi pana mfereji wa mchanga kati ya mawe, wapi kuna wavu wa zamani uliokwama. Kariri kwa kulinganisha na mnazi au paa la nyumba. Kisha vua maji yanapoanza kujaa, na utupe kwenye mfereji. Samaki hutoka mwambani kuja kula pembeni, huna haja ya kumfuata chumbani kwake.

Babu, shikamoo. Nasoma chuo hapa Dodoma na ninatoka Kilwa. Ndoano alizoniachia baba hazina tundu, zina bapa tu juu. Kila fundo ninalofunga linateleza. Zile zenye tundu nazo, mshipi hukatika palepale kwenye fundo. Tatizo ni nini?
*Binti wa Kilwa*

Marahaba, mjukuu wangu. Za bapa hazifungwi, zinaviringwa. Laza mshipi kwenye shina la ndoano, upande unaotazamana na ncha yake, ukunje uache kitanzi. Bana kwa kidole. Chukua ncha ya mshipi, izungushe shina pamoja na mshipi wenyewe mara 6 au 7, kila mzunguko ukae kando ya mwenzake bila kupandana, kisha ichomeke kwenye kitanzi. Tia mate, vuta mshipi mkuu hadi mizunguko yote ibane chini ya bapa. Mshipi ukitokea upande wa nyuma ya shina, fungua uanze upya, kwa sababu ndoano itainama vibaya samaki akivuta.

Zenye tundu, kunja mshipi uwe maradufu, pitisha kitanzi tunduni, funga fundo la kawaida lililolegea ndoano ikining'inia katikati, kisha ipitishe ndoano nzima ndani ya kitanzi na ukaze. Ni fundo fupi, nalipenda kwa sababu hata vidole vikiwa na baridi ya alfajiri hukosei.

Kukatika kwako nadhani ni kwa sababu unakaza pakavu. Nailoni ikijisugua inapata joto, na joto hilo linaidhoofisha hapohapo. Mate ndiyo dawa, na ukaze kwa mvuto mmoja wa taratibu, usikurupushe. Tena kila unapotoka kunasa, pitisha pima ya mwisho ya mshipi kati ya vidole. Ukihisi ukwaruzo, kata kipande hicho ufunge upya. Najua inauma kukata mshipi uliolipiwa, lakini kata.

Mzee, bahari ni mbali. Naweza kujifunzia ufungaji huu kwenye bwawa la Mtera?
*Msomaji wa Mvumi*

Tena hakuna shule nzuri zaidi karibu nasi. Bwawa lile lililozibwa kwenye Ruaha Mkuu lilimeza miti mizima, na mingi imebaki imekufa wima majini. Mshipi ukiingia kwenye matawi yale ni sawasawa na kuingia mwambani, tofauti ni kwamba mti hauchubui. Punguza vipimo: mshipi mkuu 0.40, wa chubwi 0.20, na perege au kambale hawatalalamika. Anza kwa afisa uvuvi wa pale akueleze kuhusu leseni na maeneo yanayoruhusiwa.

Chubwi ikinasa kwenye mti, kata uende zako. Usivue shati uingie kuinasua, mamba wapo. Na ile nailoni iliyoharibika rudi nayo mfukoni, ndege wa pale wanajinasa nayo miguu.