Aya niliyompa mjane sasa imenigeukia

*Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa miaka 44, mzee wa kanisa hapa Moshi, na nimepokea kinamama wenye shida kwa miaka 6. Mwaka jana alikuja mjane kijana. Nikamsomea Yeremia 29:11, ile ya Mungu kutuwazia mawazo ya amani na kutupa tumaini, nikamwombea, hakurudi tena. Sasa biashara yangu ya mitumba imekufa. Marobota mawili niliyoyafungua Kiborloni yalikuwa matambara matupu, na hela ilikuwa ya VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, shilingi 3,200,000. Wenzangu wamekuja wakanisomea aya ile ile. Nikaitikia amina, ila moyoni nilitamani waondoke. Mungu ana kusudi gani na hili? Na niache kushauri, maana naona nilikuwa nawaumiza watu?*
*Mama Mzee wa Kanisa*

Amina, mama, na pole sana. Deni la kikundi huuma kuliko la benki, kwa sababu wanaokudai ndio unaokaa nao benchi moja Jumapili.

Usiache kushauri. Pumzika miezi 2, mwombe mzee mwenzako apokee watu wako, kisha urudi. Mwenye kidonda kibichi akisikiliza shida za mwingine, mara nyingi huharakisha kumfariji ili yeye mwenyewe asiumie.

Sasa hiyo aya. Ni neno la kweli, ila tumelikata kutoka kwenye barua ya Yeremia. Waliandikiwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Aya ya 10 inataja miaka 70, yaani wengi waliosomewa barua ile wangezikwa ugenini. Na kabla ya ahadi, aya ya 5 inawaambia wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake. Faraja ya haraka ilitoka kwa nabii Hanania, sura ya 28, aliyeahidi mambo kutengemaa ndani ya miaka 2, na Yeremia akamwambia anawatumainisha watu uongo. Mjane wako alihitaji kuanzia aya ya 5: nani atasaidia ada ya watoto, nani atakaa naye usiku wiki hizi za kwanza. Wewe ulimpa ya 11 peke yake.

Yusufu naye aliuzwa akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na 30. Yale maneno tunayoyapenda, kwamba ndugu zake walikusudia mabaya na Mungu akakusudia mema, aliyasema baada ya Yakobo baba yao kufa. Tena aliyasema mwenyewe. Hakuna aliyeinama juu ya lile shimo ndugu zake walimomtupa kumwambia aliyemo ndani kuwa hili lina kusudi. Kwa hiyo swali lako ni halali, ila mwenye kulijibu ni wewe, na huenda isiwe mwaka huu. Ukilazimisha jibu sasa utaangukia kwenye "naadhibiwa" au "imani yangu ilikuwa ndogo". Rafiki za Ayubu walipita njia hiyo na mwishoni wakakemewa. Kazi yao nzuri ilikuwa ya mwanzo, walipokaa naye chini siku 7 kimya.

Soma 1 Wafalme 19 polepole. Eliya amejilaza chini ya mti, anaomba afe. Malaika hamhubirii. Anamgusa, anamwambia inuka, ule. Kichwani pake upo mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, analala tena. Anaguswa mara ya pili, anakula tena. Ndipo anatembea siku 40 hadi Horebu, na huko anaulizwa mara 2: unafanya nini hapa, Eliya? Mara zote 2 anaachwa alalamike mpaka mwisho. Kazi mpya anapewa baada ya hayo yote. Shika mpangilio huo, kwako na kwa wanaokuja kwako.

Kwako unaanza na sahani na kitanda, halafu deni. Nenda kwa mwenyekiti na wadhamini wako kabla ya siku ya marejesho, ukiwa na daftari: mzigo uliobaki ukiuuza kwa bei ya hasara utaleta ngapi, na kwa wiki unaweza kurejesha ngapi bila nyumba kulala njaa. Taja kiasi kidogo unachokimudu. Ukitaja 80,000 kwa aibu kisha ukaleta 30,000, wadhamini ndio watakaobanwa, na hapo hawatakuamini tena. Uliza kama katiba yenu inaruhusu mfuko wa jamii ukusaidie. Usiguse kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ili kulipa kikundi, nakuomba sana. Na kabla ndugu hawajapanda kutoka Dar mwezi wa 12, mpigie mmoja unayemwamini umweleze ukweli, mapema, asikukute kwenye hesabu za mchango wa mbuzi.

Jioni, dakika 20, chukua Zaburi 13. Aya 2 za kwanza zinauliza "hata lini" mara 4. Aya ya 3 na ya 4 zinaomba, 5 na 6 zinatumaini. Andika ya kwako kwa mafungu hayo 3, kwa maneno ya nyumbani, hata Kichaga. Fungu la 3 lisipokuja, liache wazi. Zaburi 88 inaishia gizani na bado imo kwenye Biblia.

Ukirudi kwenye ushauri, panga dakika 50, mara 1 kwa wiki, na baada ya vikao 6 mkae mtazame mmefika wapi. Simu izimwe. Kikao cha kwanza uliza amelala saa ngapi, amekula nini leo, nani mwingine anajua. Kisha rudia kwa maneno yako ulichosikia, akusahihishe. Imani iingie kwa ruhusa yake: "Ungependa tuombe, au leo tukae tu?" Akisema leo hapana, usikunje uso, maana ataitikia ndiyo wiki ijayo kwa kukuogopa. Na akitaja mwenyewe aya au wimbo, anzia hapo.

Panapoharibika zaidi ni siri. Kwenye jumuiya mtu anasema "tumwombee dada fulani, ndoa yake inapita kwenye moto", na kufikia jioni soko zima linajua. Usipeleke jina wala dokezo kwenye maombi bila mwenyewe kukubali.

Mtu akiwa na huzuni wiki 2 mfululizo, hapati usingizi, hataki chakula, au anazungumzia kufa, mwulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake, dawa za shambani ziondolewe nyumbani, na siku hiyo hiyo mpelekeni hospitali, Mawenzi au KCMC. Maombi yaendelee, na dawa alizoandikiwa asiziache. Paulo aliomba mara 3 mwiba utoke na haukutoka, naye alikuwa na Luka tabibu karibu.

Kuna mafunzo ya kuhudumia wagonjwa kiroho, huitwa CPE, na KCMC wanayatoa. Muulize mchungaji wako kama mzee wa kanisa anaweza kupokelewa. Mmoja wa walioyaanzisha ni Anton Boisen, mchungaji wa Marekani aliyelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1920. Mwaka 1925 alianza kuwafundisha wanafunzi wa theolojia katika hospitali ya namna hiyo kule Worcester, akiwataka wamsome mgonjwa kwa makini kama wanavyosoma kitabu.

Kuhusu yule mjane, nenda kwake, hata kabla ya miezi 2 kuisha, maana hiki si kikao. Beba kilo ya sukari na unga. Biblia ibaki kwenye mkoba. Mwambie, "Mwanangu, siku ile nilisema mengi nikakusikiliza kidogo. Nisamehe." Akikukaribisha ndani, kaa, umwache aongee. Akipokea mzigo mlangoni tu, msalimie, muage vizuri, na baada ya wiki 2 umpigie simu kumjulia hali.